Kipande cha Boksi Nilichowashia Jiko

Chang'ombe, Jumatano, Agosti 1996

Kipupwe kimekaza. Tangu alfajiri kuna manyunyu yale yasiyomlowesha mtu lakini yanalowesha kila kitu kinachotakiwa kuwaka, na upepo unatoka upande wa viwandani. Mie leo moyo wangu mzito. Nimeswali magharibi nikabaki kwenye msala muda mrefu kuliko kawaida, nikaona bora niandike, nisije nikalala na jambo hili kifuani.

Mwalimu wetu wa kisomo, miaka ile ya ngumbaru, alituambia mkono usipoandika unasahau. Shule niliishia darasa la nne, mengine nimeyamalizia ukubwani nikiwa na mtoto mgongoni, kwa hiyo kusahau nakuogopa sana. Ndiyo sababu ya daftari hili. Hakuna anayelisoma. Naandika kama ninavyoongea na jirani, yeye anafua upande wake na mie nachambua mchele upande wangu.

Leo nimechoma kompyuta ya mwanangu.

Nianze mwanzo, maana nikianzia hapo hata mwenyewe sijielewi.

Mie nauza maharage yaliyokwisha kuchemshwa. Mtu anakuja na bakuli lake, napima kwa upawa, anakwenda kuyaunga kwake. Kina mama wengi wa mtaa huu hawawezi kuteketeza mkaa nusu siku kwa chungu kimoja cha maharage. Nami zamani nilichemshia mkaa, na mkaa ukawa unaila biashara yote, hasa tangu baba Saumu alipopunguzwa kiwandani na kuanza kulinda ghala la watu. Kuna siku nilikuwa nauza maharage magumu makusudi, Mungu anisamehe, kwa sababu mkaa umeisha na wateja wameshafika.

Halafu nikayaona maranda. Yalikuwepo siku zote, ila sikuwa nimeyaona. Nyuma ya nyumba zetu kuna uwanja wa mafundi seremala. Kila alasiri wanafagia, vumbi lote la msumeno na randa wanalimwaga mtaroni, au wanalitia kiberiti pale pale na sie wa mtaa tunakohoa mpaka isha. Nikawaambia, hayo nipeni mie. Wakacheka, wakanipa.

Jiko lake ni debe tupu lililotobolewa chini ubavuni. Unasimamisha chupa katikati, nyingine unaipitisha kwenye tundu la chini zikutane, halafu unashindilia maranda pembeni mpaka yawe magumu kama tofali. Ukizichomoa chupa taratibu, linabaki tundu safi. Moto unapanda humo ndani kimya kimya, haupulizwi wala hauchochewi, tangu asubuhi mpaka adhuhuri, na moshi wake ni mdogo. Shida yake moja tu, kuliwasha. Hapo lazima upate kitu kikavu.

Mama Agnes, jirani yangu wa ukuta mmoja, ndiye aliyenipa jina la Mama Maranda. Alikuwa akipita ananiuliza, "Mama Maranda, leo umepika maharage au umepika stuli?" Kina mama wanavunjika mbavu. Mwezi haukuisha akaja na debe lake mkononi, anaona aibu, anataka nimfundishe kushindilia. Nikamfundisha. Sasa tupo sita mtaani. Mtaro nao unapitisha maji, na mafundi hawachomi tena uchafu ila siku ambayo hatukwenda kuuchukua.

Nilikuwa najivunia jambo hili. Naliandika waziwazi kwa sababu ndipo kosa langu lilipoanzia.

Asubuhi ya leo maranda yenyewe yalikuwa makavu, nilikuwa nimeyafunika, lakini cha kuwashia sikupata. Magazeti hakuna, vijiti vimelowa. Saumu ameshakwenda shule. Nikapapasa nyuma ya mlango, kwenye ungo na fagio, nikakuta kipande cha boksi la sabuni kimesimamishwa vizuri ukutani. Kikavu, laini, kinafaa. Kimechorwa vijumba kwa kalamu, mistari minne, kila kijumba na herufi yake. Lakini herufi zenyewe shaghalabaghala. Q imekaa na W, imekuja E, imekuja R. Nikaguna. Darasa la tano huyu, nikasema, na herufi bado zinamchanganya, anaweka hata zile ambazo sie hatuna kazi nazo. Mie wa kisomo naweza kuzitaja tangu A mpaka Z bila kuvuta pumzi.

Nikakichana vipande vinne. Kikashika mara moja. Nikasema alhamdulillahi, nikainjika chungu.

Saumu ni mwanangu wa mwisho. Ana miaka kumi na mmoja, amezaliwa ndani ya mwezi wa Ramadhani na jina akalipata hapo. Mtoto wa maneno machache, mikono mirefu. Amerudi saa saba, akaweka madaftari, akaenda nyuma ya mlango. Akasogeza ungo. Akasogeza fagio. Akatazama hata chini ya kitanda.

Akaniuliza, "Mama, hukuona kiboksi changu hapa?"

Nikamwambia nimewashia jiko, kila kitu kilikuwa kimelowa.

Aliurudisha ungo na fagio mahali pake. Halafu akasema, "Haina neno, mama."

Alilisema kama watu wazima wanavyolisema msibani. Akanawa, akala, akaosha sahani yake. Hakununa. Angenuna ningepumua.

Sasa nieleze habari ya darasa. Yupo kijana mmoja, Mwalimu Fidelis, mwenyeji wa Masasi, amepanga chumba nyuma ya duka la kupiga chapa. Ana kompyuta mbili alizopewa na ndugu yake aliyeko nje, zimetumika huko zikachokwa, huku kwetu ni mpya. Asubuhi anafundisha watu wazima wanaolipa. Jumatano na Jumamosi, baada ya alasiri, anafundisha watoto wa mtaa bure. Alipopita nyumba hadi nyumba kuomba watoto, wengine walimwambia hizo ni mashine za watu wa benki, mtoto wa Chang'ombe atazipeleka wapi. Mie nikamwambia chukua wangu.

Tangu hapo sikutulia. Tuna kikundi cha kina mama, kila Alhamisi tunasoma Yasini kwa zamu nyumba hii na ile, na sijui ni Alhamisi gani ambayo sikupenyeza neno kompyuta kabla chai haijamiminwa. Saumu wangu kafika hapa, Saumu wangu anajua hiki. Wiki iliyopita tu nimesema anaandika bila kutazama. Nani alinieleza hivyo? Hakuna. Nilitunga, nikamtungia mtoto maendeleo.

Astaghfirullah.

Leo alasiri Saumu akachukua gunia kama kila siku. Kazi ya kuyafuata maranda ni yake, tangu mwaka jana. Anakwenda kwa mafundi, anajaza, anajitwika. Siku za darasa anapitia darasani moja kwa moja, gunia analiacha nje, darasa likiisha anarudi nalo. Ndivyo nilivyojua mie. Wateja walikuwa wameanza kufika na mabakuli yao, lakini ile "haina neno" ilikuwa bado inanizunguka masikioni. Nikamkabidhi Mama Agnes upawa, nikajifunga khanga, nikamfuata. Nilitaka kumwomba radhi, ingawa sikujua nimemkosea nini. Boksi la sabuni ni kitu gani?

Mlangoni kwa Mwalimu viatu vimepangwa kama msikitini. Huyu mwalimu hataki vumbi, mtoto anavua kandambili na kunawa kwenye ndoo kabla ya kuingia. Nikazitazama zile kandambili moja moja. Za Saumu nazifahamu, moja nimeishona kwa waya. Hazikuwepo.

Zilikuwa miguuni mwake. Nilimkuta upande wa pili wa chumba, amechuchumaa chini ya dirisha, gunia ubavuni, mgongo ukutani. Mikono yote miwili ameiweka magotini na vidole vinacheza. Ndani sauti ya mwalimu inataja herufi, mtoto mmoja anabonyeza, na huku nje mwanangu anabonyeza magoti yake.

Nikamuuliza mbona yuko nje. Akafunika magoti kwa khanga upesi, kama mtu aliyekutwa anakula mchana wa mfungo.

Maneno yalitoka kwa vipande. Ni siku nyingi haingii. Alikuwa akitoka kwa mafundi na maranda kwenye nywele, kwenye shingo, ndani ya mikono ya gauni. Anajikung'uta, ananawa, lakini akiinama mashine inapata. Siku moja herufi zikagoma. Mwalimu akakifungua kile kibao cha herufi, wao wanakiita kibodi, akakuta maranda ndani, akahangaika kuyapuliza kwa pampu ya baiskeli. Ndipo akamwambia asiingie tena mpaka aje bila vumbi. Saumu akaokota kipande cha boksi la sabuni dukani, akachora kibodi yake akichungulia dirishani, akawa anakuja nacho. Ndani wakibonyeza, naye nje anabonyeza.

"Kwa nini hukuniambia?"

Akatazama gunia, akasema, "Ungerudi kwenye mkaa."

Nilikaa chini pale pale mchangani. Ni kweli. Ningerudi kwenye mkaa, na ningekuwa nahesabu kila kipande mbele yake mpaka ajute. Mtoto wa miaka kumi na mmoja alikuwa amelichukua hilo akalibeba peke yake, juu ya lile gunia.

Mwalimu alituona, akatoka. "Shikamoo mama." Nikaitikia. Akanikaribisha ndani, nami nikavua viatu, nikanawa mpaka kwenye viwiko kama ninayetia udhu, mtoto mmoja akacheka. Kompyuta zenyewe zimefunikwa vitambaa vya kufuma, vile vya kuwekea kwenye makochi, akifundisha anavifunua nusu. Nikamwomba anionyeshe hicho kibao.

Nikaziona. Q, W, E, R. Mistari minne. Zile zile, na vijumba vile vile.

Nikamuuliza ni nani aliyezivuruga hivi. Akacheka kidogo, akasema, "Ndivyo zilivyo, mama. Dunia nzima zinakaa hivyo."

Nikasimama pale na elimu yangu ya A mpaka Z. Saumu hakuwa amekosea hata herufi moja.

Sikuweza kunyamaza, nikamweleza Mwalimu kila kitu, na boksi lilikokwenda. Wale watoto walikuwa wanasikia. Hakucheka mtu. Mwalimu akasema yeye alikuwa anamwona Saumu pale dirishani, akadhani anawasubiri wenzake warudi pamoja. Akainamisha kichwa. Nilimwonea huruma, kijana wa watu, mashine ni mbili tu na watoto ni wanane. Ikifa moja darasa limekufa. Hakuwa amemwonea mtu. Akaniambia akija bila maranda nafasi yake ipo, Jumamosi hii hii.

Kusema ni rahisi. Nimepita kwa mafundi kuwaomba wanitunzie maranda mpaka asubuhi. Wamekataa, na wana haki. Mwenye uwanja anaogopa moto, hataki yalale pale. Wakifagia alasiri lazima yaondoke alasiri, ama yachomwe. Na alasiri ndiyo saa ya darasa, na ndiyo saa wateja wangu wanakuja na mabakuli. Tena wale wateja hawangoji, mtu akikuta hakuna wa kumpimia anakwenda kununua dagaa.

Nimesimama katikati ya uwanja wa watu nafikiri. Kisha nikalichukua gunia la Saumu, nikajitwika mwenyewe.

Mwaka mzima sijalibeba. Hatukuwa tumefika hata kwenye kona ya mtaro, vumbi likaanza kuchuja kwenye nyuzi za gunia, linaingia shingoni, puani, kooni. Nikaanza kukohoa. Kikavu, kifupi kifupi, kinakatiza maneno.

Nikakijua kile kikohozi.

Ni cha Saumu. Tangu mfungo uliopita anakohoa hivyo hivyo, nami nikampa asali na habasoda, nikamkanda kifua kwa mafuta, nikasema ni mafua tu, yatapita. Nimewaambia kina mama watano kwamba jiko langu halina moshi. Ni kweli, halina. Jinsi maranda yanavyofika jikoni sikuwahi kujiuliza. Nilifurahi mtaa umepona kukohoa, kumbe kikohozi chote nimekikusanya nikampa mtoto mmoja.

Ya Rabbi, hilo nitalijibu vipi?

Fundi mmoja mzee alituona tunapita, mie na gunia kichwani, mtoto mikono mitupu nyuma yangu, akasema, "Mama Maranda, leo msaidizi umemfukuza kazi?"

Nikamwambia, "Kapanda cheo."

Nilimsikia Saumu nyuma yangu anacheka. Kicheko chenyewe kilikuwa cha kwanza leo, kikaishia kwenye kukohoa, lakini kilikuwa kicheko.

Nyumbani Mama Agnes alikuwa ameuza yote, na upawa amekwisha kuuosha. Nikamweleza. Huyu mwanamke ana ulimi, lakini leo hakunitania. Amesema saa hiyo ya alasiri chungu changu atakisimamia yeye, nami nikienda kwa mafundi nijaze magunia mawili, la kwangu na la kwake. Nikapokea upawa wangu. Ila amesema gunia la kwake nilifunge mdomo vizuri, hataki nirudi nimeota mbao kichwani.

Kesho nitawaambia na wale wengine wanne. Na wao wana watoto, na najua ni nani wanaotumwa. Atakayeyafuata maranda awe mtu mzima, gunia liwe limefunikwa juu na kitambaa, pua zifungwe. Itabidi niliseme hilo mbele ya kikundi chetu, maana Alhamisi ni hiyo kesho, pale pale nilipokuwa nikijisifu. Nitaeleza na habari ya boksi. Naona aibu tangu sasa. Sijui nitaanzaje, labda nisubiri chai imiminwe ndiyo niseme.

Kabla ya magharibi nikachemsha maji, nikamwosha Saumu nywele. Maji ya kwanza yalitoka na rangi ya mbao. Ya pili pia. Ya tatu yakatoka meupe. Akakaa kwenye mkeka katikati ya miguu yangu, nikaanza kumsuka. Nilichana polepole, na hata hapo chanuo kilinitolea chembe tatu nne za maranda, nikaziokota moja moja nikaziweka kiganjani.

Nikamwambia kesho nitamwomba mwenye duka boksi lingine la sabuni, zuri zaidi, na nitamshikia rula achore upya.

Akasema, "Si lazima, mama. Zimeshaingia mikononi."

Sikumwelewa. Nikaendelea kusuka. Mikono yake ilikuwa juu ya miguu yangu, mmoja mguu huu na mmoja mguu ule, na mie nilikuwa nimeshughulika na msuko wa kati ambao haunyooki. Nikahisi kidole kinanigusa mguu wa kulia. Kisha kingine mguu wa kushoto. Kulia tena. Kushoto tena. Kwa utaratibu, kama mtu anayebisha hodi asitake kumwamsha mgonjwa.

Nikamuuliza anafanya nini.

"Nimekuandika. Herufi nne. M hapa, A hapa, M, A."

Nilishika kichwa chake nikakiegemeza gotini, nikajifanya naangalia kama msuko umenyooka. Haukuwa umenyooka. Nikaufumua, nikaanza upya, nisije nikamaliza haraka.

Kwa hiyo sikuwa nimeichoma yote. Nashukuru, ingawa sikustahili.

Sasa daftari nalifunga, adhana ya isha inakaribia na baba yake anakuja na njaa. Gunia nimelitundika nje, kwenye msumari wangu wa juu, ambao Saumu haufikii. Jumamosi nitampeleka mwenyewe mpaka pale kwa Mwalimu, na sitaondoka mpaka nione zile kandambili, ile moja yenye waya na mwenzake, zimewekwa mlangoni pamoja na za wenzake.